Sista Bado Abandua Mistari

Wanawake waliojifungulia mikononi mwake walimwita Sista Bado, kwa sababu hilo ndilo neno walilolisikia kwake kuliko yote. "Nisukume, Sista?" "Bado." "Sasa je?" "Bado, mama, pumua kwanza." Alikuwa mkunga wa siku nyingi, mnene wa wastani, mwenye sauti ya kunyamazisha wodi nzima, na maishani alikuwa na imani moja kubwa: kwamba yeye hadanganyiki. Dalali wa magari alimmaliza kabla chai yake haijapoa.

Kwa kumtendea haki, dalali hakusema uongo hata mmoja.

"Gari hili, Sista, lilikuwa la kampuni," alisema, akipapasa boneti kama mtu anayempapasa ng'ombe wa maonyesho. "Halijawahi kukimbizwa hata siku moja. Linaoshwa kila asubuhi. Na abiria wake, nikwambie ukweli, hawakuwa watu wa fujo."

"Watu wazima?"

"Watu waliotulia."

Gari lilikuwa la bluu iliyokolea, inayokaribia weusi. Kila ubavu, kuanzia taa za mbele hadi za nyuma, ulikuwa na mistari miwili myembamba ya rangi ya fedha iliyokwenda sambamba, kisha ikajikunja kwenye mlango wa nyuma ikawa umbo la jani. Haikuwa stika. Sista alipitisha ukucha juu yake akahisi imeinuka kidogo.

"Hii imechorwa kwa mkono," alitangaza, kwa sauti ya mtu anayejua mambo.

Dalali alikiri kwamba kweli, ni mkono. Na kwa ajili ya mistari hiyo hasa, gari likawa la Sista Bado.

Siku ya kwanza kuliendesha, alipofika karibu na kinyozi, wanaume wawili waliokuwa wamekaa kwenye benchi walisimama. Mmoja akavua kofia. Mbele kidogo, lori la mchanga likasogea pembeni kumpisha. Kwenye makutano, askari wa barabarani akazuia magari ya pande zote, akampungia apite, tena akainamisha kichwa. Sista aliona kifua kinamjaa. Kumbe hivi ndivyo wanavyojisikia wenye magari ya maana! Miaka yote hiyo aliyokwenda kazini kwa miguu, hakuna aliyewahi kumvulia hata miwani. Akashusha kioo, akawapungia watu kwa kiganja tu, bila kusogeza mkono, kama alivyoona wake za marais wakifanya kwenye televisheni. Wiki nzima alipita mjini hivyo hivyo, akipunga. Baadaye, kila alipoikumbuka wiki ile, alikuwa akijifunika uso kwa mto.

Mumewe, mstaafu wa posta asiyependa kutumia maneno mawili penye kazi ya moja, alikuwa amelizunguka gari siku lilipofika nyumbani.

"Umelipenda?" aliuliza.

"Huoni linavyong'aa?"

"Naona," alisema, akarudi kumwagilia nyanya zake.

Mambo yalikuja kuharibika nyumbani kwa mzazi mmoja aliyekuwa ametoka kujifungua. Sista alikuwa amekwenda kumwangalia yeye na mtoto. Aliegesha gari chini ya dirisha, akapiga honi mara mbili, polepole, ili aonekane akishuka. Mama mkwe wa mzazi, bibi mmoja mwembamba mwenye macho makali, alikuwa amekaa hapo dirishani anachambua mchele. Aliinua kichwa, akaona ubavu wa gari, ungo ukamtoka mapajani.

"Mtoto!" alipiga ukelele. "Nani amewaita hawa? Mtoto mzima huyu! Ananyonya!"

Majirani walitoka. Wengine walishaanza kushika vichwa. Sista alichupa nje na mkoba wake.

"Bibi, ni mimi! Ni mkunga!"

Bibi alimtazama, akalitazama gari, akamtazama tena. "Sista Bado? Umehamia kwao lini?"

"Kwa nani?"

"Kwa watu wa mazishi!"

Kutoka chumbani, mzazi aliuliza kuna nini.

"Mistari hiyo naijua," bibi aliendelea, akilinyooshea gari kidole. "Magari yao yote yamechorwa hivyo. Siku tulipompeleka mzee wangu nilikaa humo humo, kiti cha nyuma. Nililishika jani hilo kwa mkono wangu wakati wa kushuka."

Sista aliingia ndani, akampima mtoto, akamkagua mzazi, akaandika alichopaswa kuandika. Mzazi alikuwa amekwisha kuelewa na alikuwa akijibana asicheke, maana alikuwa ameshonwa nyuzi. Njia ya kurudi ilikuwa ndefu kuliko kawaida. Pale kwa kinyozi wanaume walisimama tena. Mkono wa Sista ulikuwa umeshanyanyuka wenyewe kwa mazoea. Ilibidi aupitishe sikioni, ajikune.

"Ulijua?" alimuuliza mumewe hata kabla hajavua viatu.

"Mji mzima unajua."

"Sasa mbona hukusema?"

"Uliniambia nitazame linavyong'aa. Nilitazama. Linang'aa."

Akampigia simu dalali, akiwa amejiandaa kwa maneno mazito. Dalali alishangaa kwa moyo safi kabisa. "Lakini Sista, hilo si lile la jeneza! La jeneza ni refu. Hilo ni la wafiwa. Ndiyo maana viti ni visafi. Mfiwa hali karanga njiani."

Basi, mistari lazima itoke. Katika ukoo kulikuwa na mtu wa kazi hiyo: shemeji yake, mume wa mdogo wake, fundi rangi wa magari. Lakini Sista alikuwa na sababu mbili za kutomwita. Ya kwanza aliitamka: shemeji alikuwa ameteleza kwenye maji ya sabuni gereji kwake, mkono wa kulia ukavunjika, umefungwa plasta. Ya pili hakuitamka: shemeji angecheka. Na tena, alijiuliza, mtu aliyewashona watu kwa uzi mwembamba kama unywele, leo ashindwe na rangi ya brashi?

Mumewe alipokwenda sokoni, alichukua unga wa kusugulia masufuria na sifongo, akatumia upande ule wenye ukali. Alianza na mlango wa nyuma, ubavu wa dereva, penye jani. Alisugua kama anayesugua sufuria la maharage yaliyoungua. Alipomwagia maji, jani lilikuwa pale pale, limetakata, limependeza kuliko mwanzo. Kilichoondoka ni mng'ao wa gari pembeni yake. Palibaki ukungu wa ukubwa wa sahani, kama kioo kilichopumuliwa.

Mwenye akili angeishia hapo. Sista aliingia ndani akatoka na kichupa cha bintiye, ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha. "Dawa hii inaondoa rangi," alijiambia, "na ile ni rangi." Hoja ilimnyookea kabisa. Alilowanisha pamba, akaikandamiza kwenye ncha ya jani, akahesabu moyoni kama anayehesabu mapigo. Alipoivuta, pamba haikutaka kuja. Vanishi ya gari ilikuwa imelainika ikazishika nyuzi, na sasa mlango ulikuwa umeota ndevu.

Tangu siku hiyo alianza kuliegesha gari ubavu wa dereva ukiwa umebanana na ukuta, ili aibu isionekane. Tatizo ni kwamba yeye ndiye dereva. Kutoka, ilimbidi apande juu ya gia, apite kiti cha pili. Mdogo wake alipokuja kumtembelea alimkuta katikati ya safari hiyo, mguu mmoja huku, mwingine kule, sketi imenasa kwenye breki ya mkono.

"Dada, unafanya nini?"

"Nashuka."

"Na mlango wako je?"

Mdogo mtu akazunguka, akachungulia kwenye ule mwanya wa ukutani. Kisha akatafuta ndoo, akaifudikiza, akakaa juu yake, akacheka mpaka machozi. Alipopata pumzi alimpigia simu mumewe.

Shemeji alifika siku hiyo hiyo, mkono wenye plasta umening'inia shingoni. Aliwaamuru walisogeze gari kivulini. Alilizunguka taratibu, akainama penye ndevu, akanusa.

"Nani amefanya hivi?"

"Limekuja hivyo," alisema Sista.

"Limekuja na pamba?"

Ieleweke kwamba shemeji huyu alikuwa na kinyongo cha siku nyingi, kinyongo cha kifamilia kisicho na sumu. Mkewe alipokuwa akijifungua mtoto wa kwanza, yeye alisimama pembeni ya kitanda akawa anatoa maelekezo. Sista Bado alimshika ukosi wa shati, akamtoa nje, akamkalisha kwenye benchi. "Kaa hapa," alimwambia mbele ya watu, "kazi hii si yako." Mtu alikuwa ameisubiri siku yake kwa utulivu mkubwa.

"Leteni stuli," alisema sasa.

Akakaa, akakunja nne, na plasta akaipumzisha juu ya goti kama fimbo ya kifalme.

"Mimi mkono sina. Utafanya wewe, Shemeji. Mimi nitasema. Kwanza osha. Tope likibaki, kila utakapopitisha kitambaa unachora mikwaruzo."

Akaosha. Akakausha. Shemeji akatoa tapentaini kwenye mfuko.

"Weka kidogo kwenye kitambaa, jaribu huko chini kabisa ya mlango, pasipoonekana. Halafu subiri."

"Nasubiri nini?"

"Tuone kama vanishi italalamika." Akamweleza, kwa lugha ya kumweleza mtoto, kwamba vanishi ya kiwandani imekaushwa kwa moto, na mistari ni rangi ya mafuta iliyopakwa juu yake baadaye, ikakauka kwa upepo. "Mistari ni mgeni, vanishi ndiye mwenye nyumba. Tunamtoa mgeni. Mlango hatuvunji. Wewe ulianza na mlango."

Vanishi haikulalamika. Akalowanisha kitambaa, akakilaza juu ya kipande kifupi cha mstari kwenye mlango wa mbele. Kilipokaa kidogo akakiondoa, akapitisha mashine ya kukaushia nywele, kwa mbali, joto la wastani. Mkononi alikuwa na kadi kuukuu ya maktaba ya mumewe, ya plastiki, kwa sababu shemeji alikataa kata kata kisu.

"Sasa?" aliuliza Sista.

"Bado."

Akangoja. Bega lilianza kumuuma. "Sasa je?"

"Bado, Shemeji. Haijalainika."

Sista alihisi neno lile linamwingia kama sindano ya makalio. Miaka yote aliwapa wanawake neno hilo bure, bila kufikiri, kama mtu anayegawa maji. Hakujua lina ladha gani ukiwa upande wa pili. Hakuvumilia. Akachomeka kadi, akasukuma.

"Usisukume!"

"Sijasukuma!"

"Umesukuma, nimeona. Toa kadi. Pumua kwanza."

Sista akageuka polepole kumtazama. Shemeji alikuwa akiangalia mawingu. Dirishani jikoni, mdogo mtu alikuwa ameziba mdomo kwa kitambaa cha vyombo.

Akapumua. Alikuwa mgonjwa mbaya, hilo alilikubali kimoyomoyo: mbishi, mwenye haraka, anayemkatiza mtaalamu. Mgonjwa kama yeye wodini angemwandikia kwa kalamu nyekundu.

Mara ya pili alilaza kitambaa tena, akapitisha joto, akangoja mpaka shemeji alipoitikia kwa kichwa. Kadi aliilaza karibu ipapase mlango, akaisogeza kama anayetenganisha kurasa zilizogandana. Mstari ukanyanyuka. Ukajikunja mbele ya kadi kama ganda la kitunguu, ukakatika, ukaanguka kwenye kiganja chake. Chini yake rangi ilikuwa laini, nzima, bila alama.

"Baba watoto!" aliita. "Njoo uone!"

Mumewe aliacha nyanya, akavaa miwani, akainama. "Umetoka," alisema. Kwa mtu yule hiyo ilikuwa hotuba.

Walifanya kazi mpaka mchana ukapita, kipande kwa kipande. Penye mabaki, shemeji alimpa msasa laini kuliko karatasi ya daftari, uliolowekwa kwenye maji ya sabuni, akamruhusu kupitisha mara chache tu, bila nguvu. Kwa msasa huo huo walizinyoa ndevu. Halafu ikaja dawa ya kung'arishia, nzito kama dawa ya meno, ya kupaka kwa mizunguko midogo. Ukungu wa sifongo ukafifia. Ubavu wa pili, Sista hakuhitaji kuambiwa kitu, na shemeji akaanza kusinzia kwenye stuli. Jani la mwisho lilitoka zima. Alilishika kidogo, likiwa jepesi na jinga kiganjani, akashangaa jinsi kitu chenyewe kilivyokuwa kidogo.

"Litoeni juani tulione," alisema shemeji.

Mumewe akalirudisha gari nyuma, likatoka kivulini. Jua la alasiri likaliangukia ubavuni. Wote wanne wakatazama.

Mistari ilikuwa pale.

Haikuwa ya fedha tena. Sasa ilikuwa ya bluu, bluu nzito yenye afya, ile ambayo gari lilizaliwa nayo. Kwa sababu kwa miaka yote jua lilikuwa limepausha kila mahali isipokuwa chini ya mistari. Na kwenye mlango wa nyuma, wazi kabisa, kulikuwa na jani.

"Hicho ni kivuli," shemeji alisema hatimaye. "Si rangi. Ukining'arisha taratibu pande zote kitapungua."

"Nikung'arishe wewe?"

"Ukiling'arisha, nimesema. Kitapungua. Kuisha, sikuahidi. Na usikandamize kwenye kona na migongo ya mlango, penye mikunjo iliyoinuka. Pale vanishi ni nyembamba."

Alisema hivyo waziwazi, mbele ya mashahidi. Kesho yake Sista alikuwa peke yake uani na ile dawa ya kung'arishia, anakandamiza kwenye mgongo wa mlango. Alikuwa amefanya vizuri mwanzoni, mizunguko midogo, na kivuli kilikuwa kimeanza kukubali. Kwa kuwa kilikubali kidogo, alitaka kikubali chote. Akaongeza nguvu. Alipogeuza kitambaa, kilikuwa na bluu.

Akasimama. Hakuhitaji fundi kumwambia kwamba mwenye nyumba ameshatoboka. Alikaa kwenye ndoo ya mdogo wake, kitambaa mapajani, akacheka peke yake, kicheko kisicho na furaha sana. Kisha akapiga simu.

"Shemeji, kitambaa kimekuwa bluu."

"Weka kitambaa chini," alisema shemeji. "Ondoka hapo."

"Nimeshaondoka."

"Ondoka zaidi. Ingia ndani ufunge mlango."

Plasta ilipotolewa, shemeji alikuja na kibrashi na kichupa cha vanishi, akaziba lile doa dogo la ukubwa wa ukucha. Bluu yake haikufanana sawasawa. Sista alimshukuru, akampikia, na wakati wa kula alimwomba radhi kwa ile habari ya ukosi wa shati. Shemeji alisema hata hakumbuki. Mkewe alimkanyaga mguu chini ya meza.

Mtoto wa yule mzazi alipofikia siku ya kupelekwa kliniki, Sista alikwenda kuwachukua. Hakupiga honi. Bibi alitoka nje, mtoto mkononi, akalizunguka gari kama mkaguzi. Asubuhi ile jua lilikuwa la upande, na la upande ndilo baya. Bibi alisimama penye mlango wa nyuma, akainamisha kichwa huku na huku.

"Naliona," alisema.

"Ni kivuli tu, Bibi. Nimesugua mpaka nimetoboa."

"Uliogopa nini?"

"Uliyeogopa ni wewe, Bibi! Ulipiga kelele mtaa ukajaa!"

"Mimi siku ile nilishtuka tu, mwanangu. Si nilidhani wamekuja bila kuitwa?" Akafungua mlango mwenyewe, akakaa kiti cha nyuma, akamweka mjukuu sawa mapajani. "Viti vizuri hivi. Vilikuwa vizuri siku ile pia, ila nilikuwa na mawazo." Akatazama nje ya dirisha kwa muda. Mkwewe aliingia mbele, akafunga mkanda. Sista hakuwasha gari mpaka bibi alipomgusa bega. "Twende, basi. Mtoto atalia."

Kliniki ilijaa, wakakaa sana, mtoto akapimwa, akaonekana ameongezeka. Kurudi, bibi alisinzia njia nzima.

Kazini, Sista aliamua kuisimulia habari yake mwenyewe kabla haijasimuliwa na wengine, maana mdogo wake alikuwa ameshaanza. Aliisimulia chumba cha chai, akaisimulia kwa dereva wa hospitali, na ikawa nzuri zaidi kila aliporudia. Sketi iliyonasa kwenye breki ya mkono ikawa imechanika. Askari wa barabarani akawa anapiga saluti. Siku moja alikuwa amekaa na binti mmoja mwenye uchungu wa kwanza, mwoga, amemng'ang'ania mkono. Ili kumsahaulisha, akaanza tangu kwa dalali. Alipofika penye kupunga mkono kama mke wa rais, binti alianza kutikisika. Penye pamba na ndevu, akashindwa.

"Basi, Sista," alisema huku machozi yanamtoka, "nyamaza, nakuomba. Nikicheka inauma."

"Haya, nimenyamaza," alisema Sista, akamfuta uso. Kisha akajisahau. "Sasa shemeji yangu akaniambia nipumue..."